Mgongo wa Kidawa

Niseme ukweli kabla sijaulizwa: konokono hawa wananitia kinyaa. Miaka mitatu nawabeba mgongoni, na kila mgeni anayeletwa kituoni kunitazama huniambia kwa sauti ya upole, "Bi Mize, bila shaka unawapenda mno." Nawapenda! Ute wao unanichuruzika mpaka kiunoni. Kinyesi chao, vijiuzi vyembamba vyeusi, hubanduliwa kila asubuhi kwa kibano na kupimwa kwenye mizani kama dhahabu. Na wakila ndiyo balaa lenyewe, maana ulimi wa konokono una meno, maelfu ya meno, madogo kuliko chembe ya unga, nao hukwangua, kwaru, kwaru, kwaru, chini ya bega langu la kushoto, mahali ambapo mkono haufiki. Miaka mitatu sijalala chali, sijakoga kwa sabuni, wala sijajitia tone la mafuta mazuri.

Wenyewe ni wadogo, punje ya hindi. Rangi yao ni kijani kilichopauka, na mstari mmoja wa kahawia unalizunguka gamba. Zamani walijaa juu ya migulele ya msitu wetu huku kaskazini ya Pemba, watoto wakiwachuma kwenye majani na kurushiana. Kisha likaja lile joto la miaka tisa mfululizo, migulele ikafa imesimama, na konokono wa mti, ambaye hajui kuishi popote ila juu ya gome la mgulele, akaanza kuanguka. Siku ninayoisimulia walikuwa wamebaki tisa. Si tisa kijijini wala tisa Pemba. Tisa duniani, na wote walikuwa juu yangu.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nimelala kifudifudi kwenye kitanda cha chumba cha unyevu, ukungu wa mashine unanitonea shingoni, Daktari Raiye ananimulika mgongo. Daktari ni mtoto wa Wete, mpole, na vidole vyake siku zote ni baridi.

"Bi Mize," akasema, "jasho lako limebadilika."

"Nimekoma hedhi, Daktari. Ulitaka libaki lile lile?"

Hakucheka. "Gome linaachia pembeni. Utandu unakufa."

Utandu ndio chakula chao, ukungu laini wa kijivu unaoota juu ya gome. Gome lenyewe walilikuza kituoni kutokana na chembe hai za mgulele wa mwisho, wakalipandikiza kwenye ngozi yangu likashika. Msidhani walianza na mimi. Walijaribu vioo, wakajaribu mashine zenye joto na jasho la bandia, wakajaribu mbuzi walionyolewa, na kila mara utandu ulikauka siku ya tatu. Kumbe ulitaka jasho la mtu, tena si la kila mtu. Tulipimwa watu arobaini pale kituoni. Damu zilizokubali zilikuwa mbili tu, yangu na ya mtu mwingine ambaye hawakunitajia jina, wakasema ni siri yake.

"Bado siku ngapi?" nikauliza.

"Sita. Zikizidi sana, saba."

"Basi ndiyo mwisho wao."

Na sitajifanya mwema hapa. Moyo uliniruka kwa furaha. Niliiona sabuni, nikaliona povu lake, nikajiona nimelala chali kitandani kwangu natazama dari. Niliona aibu kidogo, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi.

"Hawafi," sauti ikasema nyuma yangu. Alikuwa Kidawa, mwanangu wa pekee. Yeye ndiye anayekibandua kile kinyesi na kukipima, kazi aliyoiomba mwenyewe. Akaja mbele yangu, akageuka, akafungua vifungo vya koti la kazi, akaliteremsha begani.

Gome lilikuwa pale. Kiraka cha ukubwa wa kiganja, cheusi, kingo zake zimevimba na kutoa majimaji, katikati ya mgongo niliousugua na kuupaka mafuta ya nazi tangu ana siku saba.

"Jana," akasema. "Nilimwomba Daktari asikwambie."

Nilitapika. Walinipa beseni, nikatapika tena, na konokono kule mgongoni wakaendelea kula.

*

Arusi ilikuwa Alhamisi. Hayo ndiyo mambo ya Kidawa: anaolewa alasiri, na asubuhi ya siku hiyo hiyo anapokea konokono tisa, kwa sababu gome lake litakuwa tayari na langu litakuwa limekwisha.

"Na Mbarouk anasemaje?" nilimwuliza. Mbarouk ndiye mchumba, fundi wa mabomba ya ukungu pale pale kituoni.

"Amesema haoni tatizo."

"Haoni tatizo! Ataliona wapi, naye mgongo wake mzima? Hebu alale kifudifudi miaka mitatu halafu aje aniambie."

"Mama, watoto wakizaliwa nitawaeleza kuwa kulikuwa na mnyama, na bibi yao akambeba, na mimi nikambeba."

"Utawaeleza. Na mbeleko utaifunga wapi?"

Hilo hakuwa amelifikiria, niliona usoni. Mimi nilikuwa nalifikiria tangu Ijumaa. Nilimbeba Kidawa kwa mbeleko mpaka miguu yake ikawa inanigonga magotini, nikipika naye, nikichuma karafuu naye, nikimlilia baba yake naye. Usiku wa homa alikuwa akinilowesha mgongo kwa jasho lake. Mwanangu atakuwa na mtoto ambaye hatamjua mama yake kwa upande ule. Upande ule utakuwa na wageni.

"Nitambeba mbele," akasema baadaye, kwa sauti ndogo.

Daktari alikuwa amempa karatasi ya masharti, na mimi nayajua kwa moyo. Hakuna sabuni. Hakuna dawa ya meno. Hakuna mafuta, manukato, udi, marashi, tambuu wala kiungo cha ukali kinywani. Konokono hana ngozi ya kujikinga, kila kinachomgusa kinaingia. Basi somo wake, kungwi Bi Mafunda, alipokuja na kapu lake kumweka ndani bi arusi na kumsugua singo, nilimsimamia mlangoni kama askari.

"Marashi toa," nikamwambia. "Na udi usiufukize."

"Ala! Mize, wataka kumwoza mtoto au kumzika?"

"Sheria za kituo, shoga."

Akatoa chupa ya marashi, akatoa udi, akatoa mafuta ya asmini, kila kimoja akikisindikiza kwa mguno. Kilichobaki akakitia kinuni: unga wa mchele, dengu kidogo na karafuu zetu za uani. Akatwanga, mimi nikachekecha. Tukachanganya kwa maji matupu. Kile kiraka nilikifunika kwa kipande cha jani la mgomba, nikazungushia kitambaa, nikausugua mgongo uliobaki kwa mikono yangu miwili, asubuhi na jioni, siku tano. Kila jioni jani lilikuwa limesogea kidogo, nikalirudisha mahali pake. Wala sikuwaza kitu.

Nilisema sheria za kituo, na kweli nilizifuata. Ila kila usiku baada ya isha nilikuwa nakaa juu ya msala na kuomba jambo moja. Niliomba wafe. Wafe kabla ya Alhamisi, wote tisa, kwa amani, bila mtu kulaumiwa. Nililitamka kwa ulimi, si kwa moyo tu.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi Kidawa alilala kifudifudi kwenye kile kitanda, hina ikiwa nyekundu kwenye nyayo zake, nami nikakaa kwenye kigoda nimempa Daktari mgongo. Gome langu lilikuwa limeinuka pande zote, limebaki limeshika kwa katikati tu. Daktari aliwahamisha kwa brashi laini, mmoja mmoja. Nilisikia kila mmoja akibanduka, ule mguu wake wa kunata ukiachia gome, nikahesabu mpaka tisa. Mgongo wangu ukawa mwepesi ghafla, mtupu, na upepo wa mashine ukanipiga. Nilitaka kucheka.

"Wametoa pembe," akasema Daktari. "Wanatembea. Masha'Allah, tazama huyu, huyu ndiye mwenye mimba."

Hawa hawatagi mayai. Huzaa mtoto mmoja, mzima, na gamba lake, na wakati mwingine mwaka mzima hupita kabla hajazaliwa mwingine. Mimba ile tuliingoja miezi kumi na minne.

Nilipogeuka nimtazame, nilimwona Daktari ameinama, brashi iko hewani. Konokono wa kwanza alikuwa amejikunja nusu, nusu ananing'inia nje ya gamba, legelege. Wa pili akatoa povu. Hamjaona povu la konokono, na Mungu awaepushe. Ni la manjano, linachemka polepole, linatoka kwenye tundu ambalo hujui ni pua au ni nini, na lina harufu ya samaki aliyesahauliwa. Wa tatu akaanguka ubavuni mwa Kidawa, tap. Wa nne. Wakawa wanaanguka kwenye shuka nyeupe mmoja baada ya mwingine.

"Umempaka nini?" Daktari alinigeukia, midomo imemkauka. "Bi Mize, umempaka nini mwanao?"

"Singo tu. Bila marashi! Mchele na dengu na..."

Daktari akanusa, akainama akanusa tena mgongo wa Kidawa, akaweka mkono kinywani.

"Karafuu," akasema. "Yarabi. Hata mimi sikuiandika."

Hakuiandika, na mimi sikuinusa. Sisi ni watu wa Pemba. Karafuu imeanikwa kila uani, imo kwenye nguo zetu, imo kwenye mto unaolalia. Mngeniuliza nyumba yangu inanukia nini ningesema hainukii kitu. Karatasi ilitaja manukato, na kwangu karafuu ni karafuu, zao letu tu. Mafuta yake ndiyo yanayolaza samaki usingizi kwa daktari wa samaki. Sasa yalikuwa yamewalaza konokono tisa wa mwisho duniani, na dakika chache mbele yangewaua.

"Waoshe!" Kidawa alikuwa amekwisha inuka, shuka kifuani, analia. "Daktari, waoshe!"

"Kwa maji gani? Maji ya kituo yamechujwa hayana hata chembe ya chumvi, yatawapasua. Ya bomba yana dawa. Mvua haijanyesha miezi minne." Alikuwa anasema haraka, anajihesabia kwa vidole. "Yanatakiwa majimaji ya vuguvugu, yenye chumvi ya mwili, yasiyo na kiungo, yenye utandu ndani yake..."

Akanitazama.

Nilimwelewa. Kila mwezi walikuwa wakinipima mate. Utandu ulikuwa umeenea mwilini mwangu, haukunidhuru, ila kinywani ulionekana, kijivu kidogo, kwenye fizi. Kinywa cha Kidawa kilikuwa na karafuu mbili tangu alfajiri, Bi Mafunda alimpenyezea nisione, pumzi iwe nzuri. Kinywa cha Daktari kina dawa ya meno kama vinywa vyote duniani. Mmoja tu ndiye aliyeishi miaka mitatu kwa masharti.

"Siwezi kukwambia ufanye," akasema Daktari.

Nami nilikaa pale kwenye kigoda. Nataka mjue kuwa nilikaa. Sikuruka kama shujaa. Yalikuwa mbele yangu yale niliyoyaomba juu ya msala: wanakufa, kwa amani, na hakuna wa kulaumiwa, maana nani angemlaumu mama kwa kumsugua bintiye singo? Mgongo wa Kidawa ungepona na mbeleko ingepata pa kukaa. Nilichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Nikajiuliza, je, kweli nilisahau? Lile jani la mgomba lilikuwa linasogea kila siku. Mimi ninayejua konokono anakufa kwa tone la mafuta, siku tano nasugua karafuu pembeni ya gome, na mara moja sikuwaza? Wallahi nilisahau. Hivyo ndivyo ninavyosema mpaka leo, na mpaka leo sauti inayosema hivyo siiamini sawasawa.

Kinyaa nilichokisikia wakati ule hakikuwa cha konokono. Kilikuwa changu. Nikajiona mimi ndiye kitu cha kunata kilichoachwa kwenye shuka.

Yule mwenye mimba alikuwa kando ya goti la Kidawa. Mguu wake ulikuwa umemtoka wote, umelegea, na povu linamzunguka.

"Mama," Kidawa akasema, "usifanye kwa ajili yangu."

"Nani kasema ni kwa ajili yako? Kaa kimya."

Nikamchukua kwa vidole viwili nikamtia kinywani.

*

Mnataka kujua ladha? Chungu kwanza, karafuu inayochoma ulimi, kisha povu, kisha ute wenyewe, mwororo, unateleza kila mahali, unajaza nafasi kati ya meno, ukiusukuma unarudi. Ladha ya chini ya mtungi wa maji usiooshwa. Nilimnyonya karafuu, nikaitema kwenye bakuli, nikamnyonya tena. Machozi yananitoka, pua inanitoka. Nikamtia wa pili. Wa tatu. Daktari ananipangusa kidevu. Nikawatia wote, wanne shavu la kushoto, watano la kulia, magamba yao yakigongana na magego yangu.

Wakakaa. Robo saa, nusu saa, hakuna kitu. Nilikuwa nimekaa na maiti tisa kinywani, siwezi kusema neno, Kidawa amenishika magoti.

Halafu, juu ya ulimi wangu, upande wa kushoto: kwaru.

Niliruka. Daktari aliruka nami. Nikamwonesha kidole kimoja. Kwaru, kwaru. Walikuwa wanakula ule ukungu wa fizi zangu, wale wale, kwa meno yale yale, na sasa nilikuwa nausikia mlio wenyewe ndani ya fuvu la kichwa. Vidole viwili. Vitano. Kidawa anacheka na kulia. Saa nne u nusu nilikuwa nimeinua vidole tisa.

Daktari aliupima mgongo wa Kidawa, akarudi akachuchumaa mbele yangu. "Gome lake limekufa," akasema polepole. "Karafuu imeingia mpaka ndani ya ngozi. Mahali hapo hapatashika tena, wala popote mgongoni. Gome jingine kabatini liko moja tu, changa, linahitaji mwezi likomae, nami nitafute damu ya tatu inayokubali." Akanionesha mrija mwembamba. "Bi Mize, mwezi mmoja. Chakula nitakupa kwa mrija puani. Hutaweza kusema."

Kidawa aliinamisha kichwa. Alikuwa ameupoteza mzigo alioutaka, na mimi nilikuwa nimempokonya, kwa kusahau au kwa kutosahau. Nilimshika kidevu, nikamwinua uso. Nikautingisha ulimi wangu wenyewe ili nimjibu, nikakumbuka kuwa una wapangaji. Basi nikampa Daktari ishara ya ndiyo.

*

Saa kumi alasiri nyumba ilijaa. Bi Mafunda alimkalisha Kidawa juu ya kitanda cha arusi, kijani na dhahabu, mgongo umefunikwa bandeji chini ya nguo, na hakuna aliyejua. Mimi nilisimama mlangoni kwa ushungi wangu mpya, midomo nimeibana, nikiwapokea wageni kwa kuitikia kwa kichwa. "Masikini, uchungu wa mwana," wakawa wanaambiana. Kila nilipomeza, nilimeza kidogo kidogo, mate yamechujwa kwenye meno, na kila tone lilishuka na ute.

Kwetu bwana arusi akifika kizingitini, mama wa bi arusi ndiye anayefungua kigelegele. Kabla yake hakuna apigaye. Mbarouk akafika, kanzu yake imenyooka, anatabasamu. Ngoma ikanyamaza. Wanawake wote wakanigeukia.

Nilisimama.

"Haya, Mize," akasema Bi Mafunda.

Nikatikisa kichwa.

"Mize! Umekasirika nini, shoga, siku ya leo?" Akanisogelea, akanifinya mkono. "Utamtia mtoto nuksi! Fungua kinywa!"

Minong'ono ikaanza. Mama yake Mbarouk alinitazama kutoka juu mpaka chini. Nilimwona Kidawa kule kitandani ameinua uso, haruhusiwi kuinua uso, ananitazama mimi tu, hina mikononi, hofu machoni. Alikuwa ananiuliza. Na hapo ndipo nilipokisikia kitu nyuma ya gego la mwisho, upande wa kulia. Kitu kidogo mno, punje ya ufuta, kigumu upande mmoja na laini upande wa pili. Kikajisogeza. Kikasimama kwenye fizi yangu, kikakwangua mara moja, bila nguvu, kama anayejaribu.

Nikainua mikono yote miwili juu ya kichwa, mbele ya watu wote, nikakunjua vidole. Vyote kumi.

Wageni walidhani naomba dua, wakasema amin. Mbarouk, anayejua hesabu za kituo, akafunga mdomo wake ghafla. Na Kidawa akavihesabu vidole vyangu, kimoja kimoja, niliona midomo yake ikihesabu, akakiachia kigelegele mwenyewe, bi arusi, kirefu, cha aibu, mpaka Bi Mafunda akajishika kichwa. Mimi nilibaki pale mlangoni mikono juu, kinyaa kimenijaa mpaka machozi, sithubutu kumeza.